Lettow-Vorbeck: Kamanda aliyepigana kwa bunduki za maadui zake

Na Mwandishi Wetu

JESHI la Ujerumani lililojisalimisha katika mji wa Abercorn, ambao siku hizi ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, liliweka chini bunduki 1,071, bunduki za rashasha 37, mzinga mmoja na risasi zipatazo 208,000.

Waingereza waliozipokea silaha hizo walizitambua upesi, maana nyingi zilikuwa zao wenyewe. Bunduki zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Mzinga ulikuwa wa Kireno. Kati ya zile rashasha 37, ni saba tu zilizotengenezwa Ujerumani.

Kamanda wa jeshi hilo, Paul von Lettow-Vorbeck, amesifiwa kwa miongo mingi kuwa bingwa wa vita vya msituni, aliyewazungusha maadui zake kwa miaka minne katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Zambia bila kukamatwa. Sifa hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, vita vyake vilikuwa tangu mwanzo vita vya mtu anayehesabu risasi, na kila risasi aliyoihesabu ilisafiri juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Lettow-Vorbeck alizaliwa Machi 20, 1870 katika mji wa Saarlouis, magharibi mwa Ujerumani, katika ukoo wa wanajeshi wenye asili ya Pomerania. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi, naye akaingizwa katika shule za makadeti angali kijana mdogo. Mwaka 1900 alipelekwa China katika kikosi cha kuzima uasi wa Boxer.

Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, ambayo sasa ni Namibia. Huko alihudumu chini ya Jenerali Lothar von Trotha, katika vita ambavyo Waherero na Wanama waliangamizwa kwa maelfu na ambavyo serikali ya Ujerumani ilikuja kuvitambua mwaka 2021 kuwa ni mauaji ya kimbari. Waandishi wengi wa maisha yake hulipita jambo hilo kwa haraka. Yeye mwenyewe alijeruhiwa huko jicho la kushoto, akaondoka akiwa amekwisha kuona jinsi wapiganaji wachache wanaolifahamu pori wanavyoweza kulisumbua jeshi kubwa.

Aliwasili Dar es Salaam Januari 1914 akiwa na cheo cha Luteni Kanali, kuongoza jeshi la koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Lilikuwa jeshi dogo lenye kompania 14, askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wasiozidi 300.

Alipozunguka kulikagua, jambo moja lilimsumbua kuliko mengine. Ni kompania sita tu zilizokuwa na bunduki za kisasa. Nyingine zote zilitumia Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja yenye kipenyo cha milimita 11 na inayotumia baruti nyeusi.

Katika kupambana na watu wenye mikuki na magobore, wakubwa wa Berlin waliona bunduki hiyo inatosha. Dhidi ya jeshi la kisasa ilikuwa hatari kwa mwenye kuitumia. Kila ilipofyatuliwa ilitoa wingu la moshi mweupe, na moshi huo ulimwonyesha adui mahali askari alipojificha.

Matunzo yake nayo yalikuwa mzigo. Baruti nyeusi huacha masizi ndani ya mtutu, na masizi hayo huvuta unyevu. Bunduki isiyooshwa kwa maji, ikakaushwa na kupakwa mafuta baada ya kutumika, huanza kushika kutu mapema, na katika joto na mvua za pwani yetu haihitaji siku nyingi.

Tatizo la tatu lilikuwa uzito. Risasi 1,000 za bunduki ya kisasa huwa na uzito wa takriban kilo 25, yaani mzigo wa mpagazi mmoja. Risasi 1,000 za Mauser ya zamani hukaribia mara mbili ya uzito huo. Katika nchi ambayo mbung'o aliua farasi, punda na ng'ombe wa mizigo, hesabu hiyo ilikuwa na maana kubwa. Kompania moja ya askari wasiofika 200 ilihitaji wapagazi zaidi ya 250 ili iweze kusafiri.

Vita vilipozuka Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni libaki nje ya mapigano. Lettow-Vorbeck aliona kinyume. Kwake yeye, kila mwanajeshi wa Uingereza atakayelazimika kuja Afrika Mashariki alikuwa mwanajeshi mmoja aliyepungua katika uwanja wa vita wa Ulaya. Mvutano huo wa wakubwa wawili haukuisha hadi mwisho wa vita, lakini ni Lettow-Vorbeck aliyefanya alichotaka.

Manowari za Uingereza zikaifunga pwani. Tangu hapo jeshi la Wajerumani lilikuwa na njia tatu tu za kupata silaha: kuzitengeneza zilizoharibika, kuzingoja meli zitakazopenya kizuizi, au kumnyang'anya adui.

Njia ya tatu ndiyo iliyotangulia. Novemba 2 hadi 5, 1914, kikosi cha wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken kiliteremka Tanga. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao wakiwa wameletwa haraka kwa reli kutoka upande wa Moshi. Shambulio hilo lilivunjika vibaya. Nyuki walioshambulia pande zote mbili wamekuwa sehemu ya simulizi za Tanga hadi leo.

Lakini kwa kamanda aliyekuwa na ghala dogo, ushindi mkubwa ulikuwa ule uliobaki ufukweni baada ya Waingereza kurudi melini. Aliokota bunduki za kisasa za kutosheleza zaidi ya kompania tatu, rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Kwa siku chache hizo adui alimpatia silaha ambazo serikali yake mwenyewe haikuwa imempatia.

Furaha hiyo haikudumu. Januari 18 na 19, 1915, aliwashambulia Waingereza huko Jasini, kaskazini mwa Tanga karibu na mpaka wa Kenya. Alishinda, lakini alipoteza maofisa wenye uzoefu na kutumia risasi 200,000 katika mapigano ya siku mbili. Alipopiga hesabu aliona kwamba kwa akiba iliyobaki angeweza kumudu mapigano matatu tu ya namna hiyo.

Hapo ndipo aina yake ya vita ilipobadilika, na sababu ilikuwa ghala. Badala ya kuvamia ngome, alianza kutuma vikundi vidogo kwenda kuilipua reli ya Uganda upande wa Kenya, kazi iliyohitaji watu wachache, baruti kiasi na risasi chache. Yale yanayofundishwa vyuoni kama falsafa ya vita vya msituni yalianza kama ubahili wa lazima.

Miezi mitatu baadaye meli ya kwanza ilifika. Iliitwa Rubens, ikiwa imejifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, chini ya nahodha Carl Christiansen. Aprili 14, 1915 manowari ya Uingereza HMS Hyacinth iliikuta karibu na Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, na kuishambulia kwa mizinga. Nahodha aliikimbiza kwenye maji ya kina kifupi, akaijaza maji ili moto usifikie shehena, na kuwasha mbao za sitahani ili ionekane inateketea. Waingereza wakaridhika, wakaondoka.

Kwa wiki kadhaa wazamiaji walifanya kazi ya kuitoa shehena hiyo chini ya maji. Zilipatikana bunduki takriban 1,800 na risasi mamilioni kadhaa. Bunduki zilisafishika. Risasi ndizo zilizoleta taabu, kwa sababu maji ya chumvi yalikuwa yamepenya kwenye baruti na kwenye fataki zake.

Kilichofuata ni moja ya kazi kubwa za uvumilivu katika vita vyote hivyo, ingawa hakuna mnara unaoikumbuka. Shehena ilipelekwa Moshi, na huko kwa miezi risasi zilifunguliwa moja baada ya nyingine. Kichwa cha risasi kilichomolewa, baruti ikamwagwa, ikasafishwa na kukaushwa, fataki zilizoharibika zikabadilishwa kwa zilizokuwepo nchini, kisha kila kitu kikarudishwa mahali pake.

Zilizokamilika zilijaribiwa na kupangwa kwa madaraja. Zilizo bora zilitengwa kwa ajili ya rashasha, ambazo askari waliziita bombom, kwani risasi moja inayokataa huweza kuisimamisha rashasha nzima katikati ya shambulio. Zilizokuwa na kasoro kiasi zilipelekwa vitani. Zilizozidi kukataa zilibaki za mazoezi ya shabaha. Askari aliyebana kifyatulio asisikie mlio hakuwa na la kufanya zaidi ya kufungua chumba cha bunduki, kuitoa na kuweka nyingine, huku adui akimsogelea.

Katikati ya mwaka huohuo manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ilishambuliwa na kuangamizwa Julai 11, 1915. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam na kufanyiwa matengenezo katika karakana, ambako iliwekewa magurudumu. Baadaye ilivutwa na watu bara na pwani hadi mmoja baada ya mwingine ukaachwa au kuharibiwa.

Meli ya pili, Marie, ilitia nanga katika Ghuba ya Sudi, mkoani Lindi, Machi 1916. Ilileta mizinga, bunduki 2,000, mamilioni ya risasi, dawa na nguo. Waliopakia meli hiyo walikuwa wamejifunza jambo moja kuhusu Afrika Mashariki: shehena ilikuwa imefungwa tangu Ujerumani katika mizigo ya kubebwa na mtu mmoja mmoja.

Watu wa kubeba walikusanywa kutoka vijiji vya kusini. Wakaitoa shehena hiyo ufukweni na kuipeleka mamia ya kilomita hadi maeneo ya reli ya kati, kwa miguu, mvua za masika zikinyesha. Ukichukua risasi milioni tatu kwa mzigo wa risasi 1,000, unapata wapagazi 3,000 kwa risasi peke yake, kabla hujawahesabu waliobeba bunduki, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, na chakula cha wabebaji wenyewe.

Marie ilikuwa meli ya mwisho kufika. Mwezi huohuo Jenerali Jan Smuts alianza kusukuma majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini kutoka Kilimanjaro kwenda kusini. Morogoro ilianguka Agosti 26, Dar es Salaam Septemba 4, na Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji kutoka Kongo Septemba 19, 1916.

Kwa kuipoteza reli, Lettow-Vorbeck alipoteza pia karakana zake. Fundi wa silaha aliyekuwa na mashine, moto wa kutosha na vyuma vya akiba sasa alibaki na vifaa vinavyoweza kubebwa kichwani. Bunduki iliyovunjika kitako au kupotelewa na pini ya kufyatulia ilitengenezwa kwa kuchukua kipande kutoka kwa bunduki nyingine iliyokufa.

Tatizo lililomwelemea zaidi lilikuwa mchanganyiko wa vipenyo. Bunduki ya kisasa ya Mjerumani ilikula risasi ya milimita 7.92, ya Mwingereza 7.7, Mauser ya Mreno 6.5, na ile ya mwaka 1871 milimita 11. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoweza kutumia risasi ya mwenzake. Kompania yenye bunduki za Kiingereza ilikuwa hai mradi tu iendelee kuwanyang'anya Waingereza risasi. Zikiisha, bunduki nzuri kabisa ilikuwa rungu.

Oktoba 15 hadi 18, 1917 alipigana huko Mahiwa, mkoani Lindi, mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo. Waingereza na wanajeshi wao wa Nigeria na kwingineko walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa vifo na majeraha. Yeye alipoteza zaidi ya 500, na karibu risasi zake zote za kisasa zisizotoa moshi ziliisha. Vitabu humwandika kama mshindi wa Mahiwa, lakini baada ya ushindi huo hakuweza tena kupigana vita kama hivyo.

Mwezi uliofuata, huko Uwanda wa Makonde, aliwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na wote asioweza kuwapa silaha au chakula. Idadi ya aliowachukua ilipangwa na idadi ya risasi.

Wakati huohuo msaada wa ajabu ulikuwa njiani. Novemba 21, 1917 chombo cha angani aina ya Zeppelin, L59, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na tani zipatazo 15 za mzigo, zikiwemo rashasha, risasi zaidi ya 300,000 na dawa. Kilivuka Misri na kuingia anga ya Sudan. Usiku wa kuamkia Novemba 23 kilipokea amri ya redio kirudi, kwa kuwa Berlin iliamini kwamba Uwanda wa Makonde umekwisha kupotea. Kikageuka, kikafika kilikotoka baada ya saa 95 angani.

Siku mbili baadaye, Novemba 25, Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma na kuivamia ngome ya Wareno huko Ngomano. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Wajerumani walijipatia bunduki mamia kadhaa, rashasha sita na risasi 250,000. Siku hiyo bunduki nyingi za mwaka 1871 zilitupwa hatimaye, na sehemu kubwa ya jeshi ikashika za Wareno.

Mwenzake, Kapteni Theodor Tafel, hakubahatika. Akiwa na askari zaidi ya 1,000, bila chakula na bila habari kwamba mkubwa wake hayuko mbali, aliharibu silaha zake na kujisalimisha Novemba 28.

Mwaka 1918 wote ulipita kwa mtindo huo ndani ya Msumbiji. Ngome ilivamiwa kwa ajili ya ghala lake, na jeshi likaondoka kabla ya kufuatwa. Kituo cha Namacurra, karibu na Quelimane, kilitekwa mwanzoni mwa Julai na kutoa bunduki nyingine zipatazo 350, rashasha na chakula kingi. Septemba 28 walivuka tena Ruvuma kurudi kaskazini, wakapita Njombe na kuingia Rhodesia ya Kaskazini. Novemba 13, karibu na Mto Chambeshi, wakapata habari kwamba vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha siku mbili nyuma.

Waliojisalimisha pamoja naye Abercorn walikuwa Wajerumani 155, askari wapatao 1,150 na wapagazi kama 1,500. Hao ni waliofika. Kwa waliokufa njiani, Wajerumani hawakuacha daftari la kueleweka. Upande wa Uingereza, uliokuwa na tatizo lilelile la kubeba risasi na unga, vifo vya wapagazi vilivyoandikwa ni takriban 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini waliokufa ni wengi zaidi.

Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa, wachache kwa risasi. Vijiji vilivyochukuliwa wanaume, nafaka na mifugo na majeshi ya pande zote mbili vilibaki bila wa kulima. Ugogo ukapatwa na njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo wazee wa Dodoma waliiita Mtunya. Jina la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, linatokana na kambi ya kikosi cha wapagazi wa Uingereza. Mnara wa Askari uliozinduliwa jijini humo mwaka 1927 una sanamu ya askari mwenye bunduki; aliyembebea risasi hayumo.

Kamanda mwenyewe alipokewa Berlin kama shujaa Machi 1919, akipita kwenye Lango la Brandenburg juu ya farasi, wakati majenerali wenzake wengi walikuwa wakifichama kwa aibu ya kushindwa. Alikuwa amekwisha kupandishwa cheo kuwa Meja Jenerali. Mwaka 1920 alijiingiza katika jaribio la Kapp la kuipindua serikali ya jamhuri, akapoteza kazi yake jeshini. Kati ya mwaka 1928 na 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wazalendo wa kihafidhina.

Hakuwa kipenzi cha Hitler, ingawa utawala wa Wanazi ulilitumia jina lake kila ulipohitaji kuamsha hamu ya makoloni. Wanawe wawili waliuawa katika Vita Kuu ya Pili. Vita hivyo vilipokwisha alikuwa mzee asiye na kitu, na miongoni mwa waliomtumia chakula alikuwa Smuts, adui yake wa mwaka 1916. Mwaka 1953 alizuru tena Afrika Mashariki na kukutana na baadhi ya askari wake wa zamani.

Alifariki dunia Hamburg Machi 9, 1964, siku chache kabla ya kutimiza miaka 94. Aliyezungumza kwenye mazishi yake alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Lushoto, mwaka 1913, mtoto wa ofisa wa jeshi lilelile la koloni. Kambi kadhaa za jeshi nchini Ujerumani ziliwahi kupewa jina la Lettow-Vorbeck, kisha jina hilo likaondolewa kadiri historia ya Namibia ilivyozidi kuzungumzwa.

Mwaka huohuo wa 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari waliokuwa bado hai, mishahara ambayo hawakulipwa tangu vita. Husimuliwa kuwa mhasibu aliyetumwa Mwanza alikuta wazee zaidi ya 300 wakimsubiri, na wachache tu walikuwa na cheti cha utumishi. Wengine walishika vipande vya sare za zamani, wengine hawakuwa na kitu. Akampa kila mmoja ufagio ashike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna hata mzee mmoja aliyekosea.